Aliyeachwa Mkalama

Jumamosi, Agosti 1994

Nimewaficha wanangu baba yangu ni nani, na leo nusura neno hilo linitoke mbele ya wageni.

Binti yangu Eliza ndiye aliyenipeleka Mkalama. Siku hizi hata boma la Wajerumani ni biashara. Kijana mwenye kofia anawapandisha watu kilimani, kisha anawashusha ziwa Kitangiri kutazama ndege. Penye mawe kijana huyo alinishika mkono, nikahema kama mbuzi aliyefukuzwa.

"Askari wa hapa walitoka mbali," akatueleza pale ukutani. "Vita vilipofika wakaondoka, hawakuacha mtu."

Mama mmoja wa Singida mjini akauliza, "Hata mtoto?"

"Kama yupo, mama, mwenyewe hajajitaja."

Wakacheka, na Eliza pia. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ziwani ndege walikuwepo, lakini sikuwaona. Eliza, ambaye daktari amemweleza hali yangu, aliniuliza taratibu, "Baba, ikifika siku, tukulaze ubavuni mwa babu kule kijijini?"

Nikasema tutaongea. Tutaongea lini? Kifua hiki...

Tangu magharibi nageukageuka tu kitandani. Kesho akileta uji nitamwambia, kabla hajawaonyesha wanawe kaburi lile na kuwapa uongo wangu.

Yule tuliyemzika kule, niliyemwita baba maisha yangu yote, alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Baba yangu alikuwa askari wa boma. Jina lake hata mimi silijui.