Ulimi wa Chemba

Kwa mdogo wangu Mwalimu,

Salamu tele kwako, kwa shemeji na watoto. Mgongo wako umetulia? Mimi ni chuma, meno ninayo yote isipokuwa yaliyotoka. Mwandiko univumilie, mkono huu umezoea spana, ila mji huu hauna bomba lisilonijua.

Nakuandikia habari za mjukuu wetu, Kibibi. Ana miaka mitatu, na tangu mwaka jana homa haimwachi. Ikipanda, mkojo unanuka na akienda haja ndogo analia. Mama yake anamnunulia dawa za UTI dukani, anapoa wiki tatu, inarudi palepale. Mwezi uliopita alizidiwa, wakampeleka hospitali kubwa. Huko walimpitishia mrija mwembamba, wakajaza kibofu dawa inayoonekana kwenye picha, wakampiga picha akikojoa. Ile dawa badala ya kushuka yote ikapanda mpaka kwenye figo! Wakamweleza binti yangu kuwa mkojo wa mtoto unarudi juu na kubeba wadudu, na kwamba ingejulikana mapema, figo la kushoto lisingekuwa na kovu.

Mimi nikawaambia hilo hata wasinifundishe, hiyo ni chemba isiyo na ulimi. Miaka arobaini nafunga ndimi hizo, valvu za kuzuia maji machafu yasirudi ndani ya nyumba, leo nielezwe habari za maji kurudi?

Damu ikanichemka, Mwalimu. Aliyemwona kwanza ni daktari wa mtaani kwetu, yule mwenye miwani, anayenishikia pua nikipita na buti zangu. Nikaapa atakiona cha moto. Chemba ya nyumbani kwake niliijenga mwenyewe. Nikaenda mchana kweupe na ovaroli yangu, mkewe akanikaribisha na maji ya kunywa, nikafunua mfuniko nikachomoa ule ulimi, nikautia mfukoni. Nikasema na wewe maji machafu yakurudie.

Mvua kubwa iliponyesha, uchafu wa mtaa mzima ukapanda bafuni kwake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Akaniita mimi, maana fundi mwingine yuko wapi? Nilimkuta amekunja suruali, kinyesi kifundoni, miwani imeingia ukungu. Nikajifanya kushangaa, nikamwambia pole daktari, naona kuna kitu kinarudi ambacho wewe hukukiona.

Hakunielewa. Aliniuliza kwa upole mjukuu wangu anaendeleaje, na ile picha ya kibofu aliyoandika mwaka jana apigwe ilionyesha nini, maana hatukurudi tena.

Mdogo wangu, nakwambia wewe tu. Siku ile nilimpeleka Kibibi mimi, mama yake alikuwa kazini. Daktari alinipa karatasi akawa ananieleza, nami nikamkatiza, nilikuwa namfundisha kuhusu bomba lake lililokuwa linadondosha. Aliuliza kama nitaweza kuisoma, nikamjibu mimi nasoma mpaka ramani za maji taka. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye tope. Nyumbani binti yangu alipouliza imeandikwa nini, nikaona haya kusema sijui. Nikasema anasema mwendelee na dawa zilezile. Akaniamini, mimi ni baba yake.

Karatasi nimeikuta kwenye sanduku la vifaa, nimefungia katani zangu za kuzibia bomba. Naiweka humu ndani. Njoo uisome wewe mbele ya mama yake, na usimpunguzie neno. Bado anamlaani daktari kila asubuhi akimpa mtoto dawa, nami hukaa palepale naitikia.

Msalimie shemeji, watoto uwapapase vichwa. Kibibi anacheza, watampiga picha nyingine baadaye. Ulimi wa daktari nimeurudisha, na bafu nimelisugua kwa mikono yangu. Wangu ndio umekwama.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Bomba