Vipimo vya Kichwa Changu

Shangazi mpenzi,

Nimehamia chumba chenye dirisha, na kile kikohozi kimeniacha. Kazini, mtandao wa seli za ubongo tuliouunda kwenye kompyuta sasa unashikwa na kifafa kama mtu: seli zote zinapiga umeme kwa pamoja. Juzi nilituliza kikundi kimoja kidogo cha seli, na zote zikatulia. Nilipiga vigelegele!

Mkuu wangu akasema, "Taratibu, dada. Hiyo ni kompyuta, si mtu."

Najua, Shangazi. Wiki iliyopita nilianguka mimi mwenyewe ofisini, nikazinduka nimejiuma ulimi. Dawa za kifafa nimeshaanza. Mwambie Mama asije kunichukua, sirudi nyumbani. Nimeomba mtandao ujao tuujenge kwa vipimo vya ubongo wangu. Mkuu amekubali, tunaanza Jumatatu.

Mwanao, mkaidi yuleyule