Kupimwa Ini: Kumbukumbu za Kikao cha Mwethya wa Tuamke (kikundi cha kusaidiana kazi), Matinyani

Tarehe: 14 Juni 2025
Mahali: Uani kwa Kalondu, mweka hazina

Waliohudhuria: Mzee Nzuki (Mwenyekiti), Wavinya Nyamai (Katibu), Kalondu, na wanachama wengine tisa, wote walioacha pombe. Mgeni: Muuguzi Nthenya.
Asiyehudhuria: Evanson, bila udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa maombi yaliyogusa mvua, mbuzi na tabia za vijana wa siku hizi.

KUMB. NA. 2/06/2025: KUPIMWA INI
Muuguzi alieleza kwamba mashine ya kupima ini italetwa zahanati Alhamisi. Alisema kuacha pombe ni jambo kubwa, lakini ini lililoumizwa miaka ya nyuma linaweza kuwa limeharibika bila mtu kusikia maumivu, na macho yakishageuka manjano mara nyingi huwa amechelewa. Kimya kingi kina mshindo.

Mwenyekiti alipinga. "Mimi niko sawa. Nabeba mawe kushinda hawa vijana. Ini haiumi, sasa napima nini?" Alikumbusha enzi zile mwethya ukichimba matuta tangu alfajiri, jioni kibuyu cha kaluvu, ile pombe ya asali, kikizunguka, na hakuna aliyetaja ini. Wanachama walicheka. Katibu pia alizikumbuka siku hizo, maana zilikuwa tamu kweli.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAREHEMU NYAMAI
Katibu aliomba kusema kuhusu mumewe. Alikumbusha kikao kwamba Nyamai alipoacha pombe kisha tumbo likatoka, kikundi kilimpigia makofi kwa kunenepa, Mwenyekiti akiongoza. Nyumbani alinunuliwa suruali pana kwa furaha. Kumbe yalikuwa maji, na walipofika hospitali ini lilikuwa limekwisha.

KUMB. NA. 4/06/2025: MENGINEYO
Kalondu aliomba wimbo wa matuta kabla ya kufunga. Wimbo huo Nyamai ndiye aliyekuwa akiuanzisha, na Mwenyekiti akiitikia. Hakuna aliyeuanzisha. Mwishowe Mwenyekiti akaitikia peke yake, akakatiza katikati. Alimwambia Katibu: "Mama Kathini, niandike wa kwanza hiyo Alhamisi. Na tuende na wewe. Mimi naogopa."

Katibu alimwandika.

Watu walitawanyika saa tisa na nusu alasiri.

Mwenyekiti: Nzuki
Katibu, na msindikizaji wa Alhamisi: Wavinya Nyamai