Deki Uliyomletea Mama

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili mchana, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko uliko? Baridi imepungua? Na ule mgongo uliokuwa unaulalamikia, umeshaonana na daktari au bado unajitibu kwa maneno? Sisi hapa tunaendelea. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Wapwa zako wanarefuka mpaka sare za shule zinawaumbua. Mimi magoti yananisumbua nikipanda ngazi za kazini, lakini nipo, nashukuru Mungu.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikifungua mdomo tu, unasema upo barabarani. Karatasi haina barabara. Utaisoma ukiwa umekaa.

Uliniuliza ile deki ya gharama ya kuchezea diski uliyomletea Mama imekuwaje, kama inafaa bei yake. Juzi ukauliza tena, eti unataka kujua kabla hujaagiza ya namna hiyo kwa ajili ya sebule yako. Haya, leo nakupa jibu, na usiseme dada ana mdomo.

Kwanza niipe haki yake. Picha ni safi, sina la kubisha. Wapwa zako waliweka ile diski ya wanyama uliyoituma pamoja nayo, na manyoya ya simba ukitaka unayahesabu. Sauti inatoka mbele, nyuma, pembeni, mpaka shemeji yako aligeuka kuangalia ni nani amefungua mlango. Kwa mtu mwenye macho yake, masikio yake na jioni zake, huenda inafaa. Lakini hukumnunulia mtu wa hivyo. Ulimnunulia Mama.

Fundi uliyemlipa aje kuifunga alikuja na futi ya kupimia. Akapima sebule kama anayetaka kuinunua, akasema spika ya kulia lazima isimame pembeni ya dirisha. Sasa pembeni ya dirisha ndipo kilipokuwa kiti cha Baba. Nikakupigia. Ukasema kiondolewe, kimeshazeeka. Kikapelekwa stoo, juu yake zikapangwa ndoo. Mama alisimama mlangoni akiangalia pale mahali, akauliza Mzee atakaa wapi. Nikamwambia, Mama, Mzee alishafariki. Akasema anajua, lakini atakaa wapi?

Ukaagiza na deki ya zamani itupwe, eti lile bati linatia aibu likikaa karibu na kitu cha maana. Shemeji yako naye kwa utiifu wake, siku hiyo hiyo akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni. Kweli deki yenyewe ilikuwa imezungushiwa selotepu, na mlango wake tuliufungua kwa kisu cha mezani. Lakini ilikuwa inasoma kila kitu.

Na hapa ndipo pananichoma, maana wewe hukuwepo na hujawahi kuuliza Mama alikuwa anaangalia nini.

Alikuwa anaangalia sherehe ya kumuaga Baba kiwandani, pale kwenye uchapaji, siku aliyostaafu. Ni ile diski moja tu. Baba amesimama na shati lake jeupe, kucha bado zina wino, anawaambia wenzake kwamba sasa atakaa nyumbani mchana kutwa na mkewe amvumilie. Kila siku baada ya chakula Mama aliiweka, na Baba akifika pale, Mama alimjibu, "Utanichosha, mzee wewe!" Kila siku bila kukosa. Daktari alishatuambia kumbukumbu zake zinapungua, na kwamba chochote kinachomshikilia tusimnyang'anye. Nilikueleza hayo kwenye simu. Ulikuwa barabarani.

Kabla ya kuiweka, Mama huifuta ile diski kwa upindo wa gauni lake, akizungusha mkono kama anafuta sahani. Ndiyo maana imechubuka yote, kwa kupendwa. Deki kongwe ilikuwa inakwama kidogo pale Baba anapokunywa maji, Mama anaipiga kibao, wanaendelea.

Mashine yako iliivuta ndani taratibu kwa madaha, ikatafakari, ikaandika kwamba diski haisomeki, ikaitema. Mama akaifuta tena. Ikaitema. Akaifuta, ikaitema, mpaka nikashindwa kuangalia. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee amekasirika?"

Nikakupigia roho ikiwa juu. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulicheka! Ukasema mashine ya hadhi ile haipokei takataka za mtaani, diski yenyewe imekwaruzwa kama sufuria, niitupe tu, utatutumia nyingine. Nyingine ipi, mdogo wangu? Utamtoa wapi Baba mwingine aje asimame pale na kucha zake za wino? Mpiga picha wa siku ile tulimtafuta, akawa ameshahama na vifaa vyake vyote, na wa kutuelekeza hakuna.

Basi Mama akawa anakaa tu mbele ya zile spika, mikono mapajani. Wapwa zako wakimwekea simba, anaondoka. Mwanzoni alikuwa anaidai diski yake, baadaye akaacha kuidai. Hapo ndipo nilipoogopa.

Aliyetuokoa ni kinyozi jirani. Siku moja namlalamikia nikiwa nimempeleka mwanangu kunyolewa, akaniambia ana kijideki uchwara nyuma ya duka, akakichukua na kukileta mwenyewe, kimefungwa taulo. Akachomeka nyaya. Mwenzangu, Baba huyo akatokea! Picha ina mchanga, sauti inakoroma, lakini ni yeye. Mama akasogea mbele kwenye kiti. Nilikaa roho mkononi mpaka Baba akafika pale kwenye kumvumilia. Mama akacheka, akasema, "Utanichosha, mzee wewe!" Nililia mbele ya kinyozi, wala sikuona haya.

Laiti ningeizima pale.

Mwishoni, kama ungeiangalia ungejua, Baba anageuka kwenye kamera na kusema, "Na kitinda mimba wangu aliye mbali, baba yako nakusalimu, uje tukae." Mama akanigeukia. Akaniuliza mtoto huyo anayetajwa ni wa nani. Nikasema, ni wako, Mama. Ni mwanao wa mwisho, ndiye aliyekuletea mashine hii kubwa. Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi. Akasema, "Mimi nina wewe tu."

Nikamtajia jina lako. Nikamtajia kovu la kidevuni, na ile siku uliyojifungia kabatini wakakutafuta mtaa mzima. Akawa ananiitikia kwa adabu, kama anavyomwitikia mgeni.

Kwa hiyo umeniuliza kama inafaa bei yake. Bei hiyo ni nauli ya kuja na kurudi. Ungekuja ukakaa naye, ukanywa naye chai, ukamfutia wewe hiyo diski kwa kitambaa laini, hata kwa wiki moja tu. Kwa sebule yako nunua unachotaka, sikukatazi. Lakini kwa Mama haikufaa hata kidogo, na ninakwambia kwa uchungu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mashine nimeifunika kitambaa, nzima haina mkwaruzo. Kiti cha Baba nimekirudisha dirishani. Spika ya kulia ndiyo iko stoo, na ndoo ziko juu yake.

Shemeji yako anakusalimu, ila anaogopa kukupigia. Wapwa zako wanakusalimu na kushukuru kwa simba. Shangazi naye anauliza umenenepa au bado. Nilitaka niandike kwamba na Mama anakusalimu, maana ndivyo inavyopasa, lakini nikaona nimuulize kwanza. Amesema nikufikishie salamu nyingi sana. Kisha akauliza ninamwandikia nani.

Mungu akulinde na akuoneshe njia ya kuja mapema, tafadhali mapema.

Anayekupenda hata leo, akiwa amekukasirikia,
Dada yako.