Bei ya Kuchanganya Sauti

Kibokoni, 5 Mei 2025

Kwa mwanangu Kamaludin,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na mkeo hamjambo. Sisi huku wazima, ila bili yako imenipandisha presha.

Siku ya kurekodi nilikuuliza bei, ukanijibu, "Shangazi, sisi ni jamaa, tutaelewana." Nikaona haya kukubana. Kurekodi kikundi kizima, fidla, kinanda na dumbaki, ulitutoza nusu ya bei ya watu, nikakuombea dua. Kumbe umetungojea kwenye kuchanganya! Nyimbo nne tu, na umetutoza mara mbili ya bendi ya Ogutu, watu wasiokuhusu ndewe wala sikio.

Nieleze kwa maandishi, maana ukiongea una maneno matamu: pesa hizi ni za nini?

Shangazi yako,
Ummukulthum

Makupa, 7 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Wa alaikumu salaam, na shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mke wangu anauliza hali ya magoti yako.

Kurekodi ni siku moja: mlipiga pamoja, mkaenda zenu. Kuchanganya ni kukaa na kila sauti peke yake, kuipandisha na kuishusha mpaka zote zielewane. Kazi ilikuwa nyingi, Shangazi. Kama bei ni nzito, lipa unachoweza, tuyaache hapo.

Mwanao,
Kamaludin

Kibokoni, 8 Mei 2025

Kamaludin,

Salamu. Magoti yapo.

Hiyo "tuyaache hapo" ndiyo iliyoninyima usingizi. Tangu lini ukapunguza bei upesi hivyo? Na Ronny wetu wa kinanda ameniambia alimwona Cynthia akipanda ngazi za studio yako, mara si moja, tena baada ya kurekodi kwisha. Cynthia ni mwitikiaji wangu. Mimi ndiye niliyemtoa kwaya ya kanisani kwao nikamfundisha taarabu. Nilipomuuliza, aliinamisha kichwa.

Mnaunda kikundi chenu kwa pesa zangu? Au kuna la aibu zaidi, na mkeo hajui? Ijumaa ijayo tuna harusi. Ukininyang'anya Cynthia, sina kikundi. Nijibu leo.

Shangazi yako

Makupa, 13 Mei 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Nimechelewa kwa kuogopa.

Cynthia hakuja kwa ajili yangu. Kila wimbo unapopanda juu, sauti yako inakatika, katika nyimbo zote nne. Nilijaribu kila mtambo nilio nao. Mwisho nikamwita yeye aimbe sehemu hizo, nikaichanganya sauti yake na yako isijulikane. Pesa za ziada ni ujira wake. Mimi sikujiongezea hata shilingi. Aliniapisha nisikwambie.

Ndani ya bahasha kuna flashi yenye sauti yako peke yake, kama ilivyoingia. Nisamehe.

Mwanao,
Kamaludin

Kibokoni, 15 Mei 2025

Mwanangu Kamaludin,

Assalaam alaikum. Hujambo? Msalimie mkeo, nilimdhania mumewe vibaya.

Nimeisikiliza. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta pale ulipoiharibu kusudi. Hukuiharibu. Nimelia, sikufichi. Harusi zote hizi watu wananitunza noti na kunipigia vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Ronny atakuletea pesa zote. Kesho harusini Cynthia atasimama mbele, mimi nitaitikia nyuma yake. Nilipomwambia, alilia kuliko mimi.

Usinipigie simu leo. Sitaki uisikie sauti yangu.

Shangazi yako,
Ummukulthum