Mbegu Sitini na Nne za Mama

Lindi, tarehe tisa Shaabani

Kwa kaka yangu Bakari bin Mbaraka, Tingi.

Mbegu sitini na nne za maboga ya mama, nilizozihesabu mbele yako na kuzifunga kibuyuni kwa mkono wangu, zilipotea mwezi wa Rajabu mwaka jana. Ndivyo ulivyoniandikia. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, na najua si adabu, lakini nina siku nne nalo kifuani na limekataa kukaa nyuma ya maneno mengine.

Sasa shikamoo, kaka. U hali gani? Goti ulilolivunja mle porini wakati wa vita linakubali kukunjika ukisali, au bado unasali umekaa? Wifi yangu hajambo? Watoto wamerudisha miili baada ya njaa ile? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila vumbi la kiangazi linanibana kifua. Kisima cha mtaani kimeshuka. Kamba niliyokuwa nikiishusha pima nne, sasa naishusha pima sita. Matuta yangu yamefika kumi na tisa. Nayamwagilia mwenyewe, alfajiri na alasiri, na wewe unajua nilifika Lindi na jembe lisilo na mpini.

Kiangazi kinakwisha. Mawingu yameanza kuja asubuhi na kuondoka bila kusema neno. Kwa hiyo huku mtaani kwetu wanawake wote wenye bustani wako uani, na mazungumzo ni hayo hayo: nani amechoma majani yake mapema, mbuzi wa nani ameingia kwenye kunde za nani, na samadi ya nyumbu wa mizigo wa bomani kwa Wadachi kama inaunguza miche au haiunguzi. Jirani zangu ni wawili. Kushoto yupo Bi Tausi, mjane, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Kulia yupo Mama Chande, Mmwera wa Rutamba, ambaye hakuna mmea wangu asioutia maneno.

"Somoe," huniambia, "mchicha wako umepauka kama shati la karani."

"Na wako umeliwa na wadudu mpaka umekuwa chekecheo."

"Wangu una ladha, ndiyo maana wadudu wanaujua. Wako umeupanga kwa kamba, mstari mstari, kama Mdachi anapanga askari. Hata mdudu anaogopa kuingia."

Tunacheka. Mama Chande anajua nilimwagilia kabichi za bwana wa bomani mwaka ule wa vita, na hanifichi kwamba anajua. Nawe pia unajua, na nadhani hilo ndilo mzizi wa mambo yote. Nitalifikia.

Jumapili iliyopita Bi Tausi alituita kupasua boga la mbegu. Hii ni desturi yao huku. Kila mwaka mtu huacha boga moja kubwa, huliweka kavu juu ya dari la jiko tangu mavuno, na mvua zikikaribia hulipasua mbele ya majirani na kumgawia kila mmoja. Lakini kabla hajagawa, lazima ataje mbegu ilikotoka: alimpa nani, na huyo alipewa na nani. Isiyotajwa hapokei mtu. Wanasema ndivyo walivyojifunza wakati wa njaa, watu walipouziana mbegu zilizochemshwa.

Bi Tausi akalitoa boga lake. Kaka, nililijua kabla hajashika kisu. Ganda la kijivu, michirizi myeupe, shingo imepinda kushoto. Nikajiambia, Somoe, maboga ni mengi duniani. Akalipasua. Nyama nyekundu kama kiini cha yai la kuku wa porini, na mbegu zake zina ukingo mweusi pande zote, kama jicho lililopakwa wanja. Hakuna mwingine niliyepata kumwona na mbegu zile, si Njinjo, si Kilwa, si huku. Ni za mama.

"Mbona umekodoa macho?" Mama Chande akaniuliza. "Umeona jini ndani ya boga?"

"Namsubiri mwenyewe ataje ukoo," nikasema.

Bi Tausi akafuta mikono. "Hizi nilipewa na mgeni. Mama mmoja wa Tingi alikuja kumwangalia mwanawe, askari wa hapa bomani. Mwanawe hakumpa hata mkeka, akalala kwangu siku tatu. Siku ya kuondoka akafungua pindo la kanga, akanihesabia mbegu tisa. Akasema kwao ziko nyingine, kibuyu hakijaisha."

"Alikuwa mama wa namna gani?" nikauliza.

"Mrefu. Jicho la kulia lina ukungu. Anakohoa akicheka."

"Alikuja lini?"

"Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Kwani unamjua?"

Nikasema simjui. Mungu anisamehe. Namjua sana, na wewe unamjua kuliko mimi, kwa sababu ni mama mkwe wako.

Basi hebu tuhesabu pamoja. Rajabu uliniandikia kwamba mchwa wamekula mbegu zote, hata moja haikubaki. Idi ikafika miezi miwili baadaye. Mama mkwe wako akaja Lindi na mbegu tisa, na akasema kibuyu hakijaisha. Sitini na nne ukitoa tisa ni hamsini na tano. Ziko wapi?

Na hao mchwa wako sikuwaamini tangu mwanzo, ila nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Kibuyu kilining'inia juu ya meko, katika moshi. Mchwa gani anapanda moshini? Tena kibuyu chenyewe ulinirudishia, ukasema niwe na kumbukumbu ya mama. Ninacho hapa nikiandika. Nimekigeuza juani pande zote: hakina tundu. Nta niliyozibia mdomo imekatwa mviringo, safi, kwa kisu. Sasa mchwa hao waliazima kisu kwa nani?

Kaka, hatugombanii boga. Wewe ulikuwepo, na baba mdogo alikuwepo, mama aliposema kwamba bustani ya nyuma ya nyumba ni ya yule kati yetu atakayezipanda kwanza mbegu zake mle ndani. Alisema hivyo akiwa hana nguvu ya kuinua kikombe. Alikimbia nacho kile kibuyu mgongoni nyumba zilipochomwa, akakaa nacho porini, akafa kwa njaa hakukifungua. Mbegu zile zingekaangwa zisingejaa viganja viwili, lakini zingempa siku moja zaidi. Tulipozihesabu baada ya arobaini yake ulilia, nami nililia. Tukakubaliana mvua zikija nifunge safari, tupande wote wawili, tugawane bustani nusu kwa nusu. Wewe ndiye uliyesema nusu kwa nusu. Kisha ikaja barua ya mchwa, nami nikabaki Lindi.

Najua utasema nini. Utasema mimi nilikuwa nakula bomani wakati nyinyi mnakula mizizi. Ulinitamkia hivyo mazikoni, mbele ya wageni, ukaniita mke wa Wadachi. Nilivumilia. Lakini nani alikuwa anapeleka makopa ya muhogo? Vikapu vitatu vilifika kwenu kwa mkono wa watu watatu mbalimbali, na kila kikapu nilikianika mimi, pembeni mwa zile kabichi. Kama unadhani kwa kumwagilia zile kabichi nimekosa haki ya kwetu, niambie usoni. Usinitumie mchwa.

Huenda ninakusingizia. Huenda wifi alizitoa bila wewe kujua. Huenda mlizikaanga mkazila siku moja watoto walipolia, na mama mkwe akaokoa chache, ukaona haya kuniambia. Kama ni hivyo, kaka, andika tu kwamba mlizila. Wallahi sitatamka neno, na kizazi changu chote hakitalitamka. Lakini kama zilipandwa masika iliyopita mle ndani, basi kwa maneno ya mama bustani imekwisha kuwa yako, na mimi sina tena pa kurudi Tingi zaidi ya kaburi lake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Bi Tausi alinigawia mbegu saba. Sijazipanda huku. Nimezikunja kwenye kitambaa, na jembe langu lina mpini sasa.

Nisalimie baba mdogo Selemani, shahidi wetu, na umsomee barua hii yote bila kuruka mstari. Nisalimie shangazi Mwanaidi, aliyenisuka nywele nikiwa mdogo. Wapwa zangu waambie nimewawekea njugu mawe. Wifi msalimie. Mama mkwe wako msalimie pia, umwambie Bi Tausi anamkumbuka kwa wema.

Barua hii anaichukua Hamisi mpagazi, anayeondoka kesho. Kwenda siku saba, kwako nimemwambia apumzike tatu, kurudi siku saba: atakuwa hapa tarehe ishirini na saba, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Nimekwisha kumlipa kwenda na kurudi, kwa hiyo usiniambie hukupata mtu. Sitaki habari za mvua wala za goti. Nataka neno moja, nalo lifike kwa mkono huo huo: mlizila, mlizigawa, au mlizipanda?

Mimi mdogo wako,
Somoe binti Mbaraka