Kiti cha Vero

Jumatano, 2 Novemba 1977
Uji. Kumwosha Vero, kumvalisha, kumpeleka kwa Mama Hadija chumba cha jirani. Kazini. Nimechapa barua za mkuu mpaka mabega yamekufa ganzi. Kila siku hivyo.
Niliporudi, Mama Hadija alikuwa amekaa kizingitini, Vero mapajani. Nikajua kuna neno. Mume wake amehamishiwa Tabora. Wanaondoka baada ya mwaka mpya. Alilia yeye. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza nani atakaa na mtoto wa miaka saba asiyeweza kukaa, kusimama wala kusema.

Ijumaa, 4 Novemba
Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda shule. Serikali inataka kila mtoto wa miaka saba aandikishwe. Vero ana miaka saba. Nilimbeba mgongoni ili wamwone, wasije wakasema nilimficha.
Mwalimu Mkuu alimtazama muda mrefu. Si mtu mbaya.
"Mama, darasa la kwanza wanakaa sakafuni. Huyu atakaaje?"
Nikasema nitaleta kiti chake.
"Akiweza kukaa bila kushikwa, mlete Januari. Mtu wa kumshika mimi sina."
Nilitoka pale karibu nikimbie kutafuta fundi.

Jumamosi, 5 Novemba
Fundi wa mtaa wa pili ana oda ya madawati ya vijiji vya ujamaa. Hadi Machi hagusi kitu kingine. Nikamwomba basi aniazime msumeno. Akadhani namtania. Mwishoni akanipa mmoja wenye meno yaliyochakaa, akasema nisijikate.
Sijawahi kushika msumeno maishani mwangu.

Jumapili, 6 Novemba
Mkuu wa ofisi ameniachia makasha mawili yaliyokuja na mashine za kuchapia. Mbao nyepesi, nyeupe, nzuri kwa macho. Misumari madukani hakuna, miezi sasa. Nimeng'oa ya kwenye makasha, nimeinyoosha juu ya jiwe. Kidole gumba cha kushoto kimevimba.
Nimempima Vero kwa kamba. Kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nyonga hadi kwapa. Kila kipimo fundo. Alicheka, alidhani namtekenya.

Jumanne, 15 Novemba
Ubao umepasuka. Wa pili nao. Ukipigilia msumari karibu na ncha ubao unachanika kama muwa. Hakuna aliyeniambia. Nimekata miguu minne, yote ina urefu wake. Msumeno unaanza kwenye mstari halafu unakwenda unakotaka wenyewe.
Wanawake wa bombani wananiangalia. Mmoja kauliza kama Baba Vero amefariki.

Jumamosi, 19 Novemba
Kimesimama. Nimekiita kiti mbele ya Mama Hadija na hakucheka, Mungu ambariki. Kinacheza. Nikakata mguu mmoja, kikacheza upande wa pili. Nikakata ule. Nikakata mwingine. Mpaka jua linazama kimekuwa kigoda.
Nilipomweka Vero aliteleza moja kwa moja mpaka chini, kidevu kikagonga ukingo. Damu mdomoni. Ulimi.
Mimi ni mjinga.

Alhamisi, 24 Novemba
Sijagusa kitu siku zote hizi. Vero anakunywa uji wa baridi kwa sababu ya ulimi. Mvua. Milima haionekani. Uani mbao zinalowa na mimi naziangalia zinavyolowa.

Jumapili, 4 Desemba
Sikwenda misa. Nimeanza upya. Safari hii nimetoboa matundu kwanza kwa msumari niliouchoma kwenye jiko hadi ukawa mwekundu, ndipo nikapigilia. Haukupasuka hata ubao mmoja. Miguu ya nyuma nimeifanya mifupi makusudi, kiti kilalie nyuma kidogo, asiteleze. Katikati ya mapaja nimesimamisha kipande cha mti nilichokiviringishia khanga ya zamani. Kifuani mkanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ubao wa kichwa una mbawa pande mbili.
Ni kibaya. Kinafanana na kitu cha kubebea kuku.
Vero amekaa. Nimeondoa mkono mmoja. Nimeondoa wa pili. Amekaa! Alikuwa anatazama mlango akiwa kwenye kimo ambacho hajawahi kukaa peke yake. Mama Hadija alipiga kigelegele mpaka watu wakatoka vyumbani.
Nimelala bila kula, kwa furaha.

Jumapili, 25 Desemba
Baba Vero alifika jana kutoka Gairo, na gunia la karanga. Kijijini alikopangiwa ndiye bwana shamba peke yake. Amekonda. Nilimweka Vero kitini kabla hajavua viatu. Alisimama akamwangalia, halafu akatoka nje. Nikasikia anapenga kamasi nyuma ya nyumba.
Aliporudi akasema, "Mama Vero, kukaa si kusoma."
Akaendelea: kule milimani kwa mama yangu kuna hewa na kuna watu, hapa mjini mtoto atanifia mikononi, na mshahara wake hautoshi tuishi mimi nikiacha kazi. Yote kweli. Nimemchukia siku nzima kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 3 Januari 1978
Mama Hadija ameondoka kwa treni. Vero alilia hadi akatapika. Amelala na kitambaa ambacho mama yule alimwachia. Nimeomba likizo fupi hadi shule ifunguliwe.

Jumatatu, 9 Januari
Shule. Vero mgongoni, kiti kichwani. Watoto walitufuata mtaa wetu wote wa Mafiga kama wanafuata ngoma. Nilijikaza, sikugeuka.
Darasa limejaa hadi mlangoni. Mwalimu wa la kwanza ni binti mdogo, bado ana woga. Tumemweka Vero pembeni karibu na dirisha. Nimemfunga mkanda. Nimekaa nje chini ya dirisha hadi mapumziko, nikisikia a, e, i, o, u. Kila wakisema, Vero anapiga kelele yake. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili wachache. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.
Nimekwenda kazini hadi saa ya kumchukua. Nilichapa barua nzima bila kosa.

Jumatano, 18 Januari
Nikiwa kazini nimeitwa shule kwa simu. Kwa simu! Nilidhani amekufa.
Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama uwanjani. Yule binti mwalimu alikuwa analia ofisini. Vero anajikojolea, watoto wanakimbia harufu. Anapiga kelele, hesabu hazisikiki. Wazazi wamekuja kulalamika. Mmoja amesema ugonjwa wake unaambukiza.
"Mama, nimejaribu."
"Najua, Mwalimu."
"Ukisema nimekufukuzia mtoto nitaumia."
Sikusema hivyo. Nilimfungua mkanda, mgongo wake wote umelowa jasho. Nilishindwa kubeba mtoto na kiti kwa pamoja. Nikamchukua yeye.

Alhamisi, 19 Januari
Nimerudi kukichukua kiti. Kilikuwa uwanjani, kimelala ubavu. Watoto walikipanda wakati wa mapumziko, wawili watatu kwa pamoja, ubao wa kichwa umeng'oka, mguu mmoja umevunjika pale pale kwenye tundu la msumari. Hawakuwa na ubaya. Walitaka kukaa.
Nimekibeba nikakiweka uani.
Mkuu wa ofisi amesema Jumatatu niwe mezani kwangu au amtafute mpiga chapa mwingine. Alisema kwa upole. Wote wanasema kwa upole.

Jumamosi, 21 Januari
Nimekitazama kuona kama kinatengenezeka. Kinatengenezeka. Kwa ajili ya kukaa wapi? Sikuchukua nyundo.
Msumeno nimemrudishia fundi. Aliuliza kama kiti kilikamilika. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 22 Januari
Tumepanda milima tangu alfajiri kupitia Bigwa, kwenda kwa Mama, Vero mgongoni. Njia imekatika kwa mvua, mahali pengine natambaa kwa mikono na magoti. Wenye mboga waliokuwa wakishuka sokoni walitupisha bila kuuliza.
Mama alinipokea Vero kabla sijamaliza kusema shikamoo. Alikwishajiandaa, sijui ni nani aliyemletea habari.
Uani, karibu na jiko, amechimba shimo. Halizidi kiuno cha mtoto. Amelitandika magunia na majani ya migomba, upande wa nyuma ameuacha udongo ulalie kidogo. Akamshusha Vero humo, akajazia nguo pande zote.
Vero amekaa wima. Mikono yake miwili imebaki juu, mitupu, akaanza kuchezea udongo. Kwenye kiti hakuwahi kutumia mikono.
Mama akasema, "Hata Anjela tulimkalisha hivi."
Anjela ni mdogo wangu. Alifariki nikiwa bado mdogo. Silikumbuki shimo. Nakumbuka mazishi tu.
Nilimwona mwanangu amefukiwa hadi kiunoni na anacheka, nikaingia ndani nikajifanya natafuta maji.

Jumatatu, 23 Januari
Nimeshuka gizani ili niwahi kazi. Vero alikuwa ameamka, Mama alikwishamkalisha, kuku wanadonoa kumzunguka. Niliaga. Hakugeuka. Alikuwa anawatazama kuku.
Nimefika kwa wakati. Nimechapa barua kumi na mbili. Jioni nimepika ugali, nimekosea kipimo, umebaki mwingi. Mgongo wangu mwepesi, siuzoei.
Mvua imeanza tena upande wa milima.